Shajara ya mradi: siku mwanachuo anapoitwa "mwalimu" akaitika

Mradi huu unauliza jambo moja. Mwanachuo wa ualimu anaingia shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, anakaa wiki 8, anaondoka. Ndani ya wiki hizo, ni lini anaanza kujiona mwalimu, na ni nini kinachomfanya ajione hivyo?

Ni utafiti wa shahada yangu ya uzamili. Kazi yangu ya kila siku ni ukufunzi katika chuo cha ualimu, maana yake ninaowachunguza ndio hao hao ninaowafundisha. Jambo hilo limeleta shida ambazo nimeziandika hapa bila kuzipunguza. Washiriki ni wanachuo 14 wa stashahada waliopangwa katika shule 5 za msingi wilayani Lushoto, mkoani Tanga. Naongeza maandishi kila hatua inapokamilika, ili mkufunzi mwenzangu atakayetaka kufanya utafiti wa namna hii asianzie pale nilipoanzia mimi.

28 Machi 2024: Vibali

Wiki 6. Barua ya chuo kikuu imekwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikaenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Afisa Elimu, Afisa Elimu Kata, na mwisho kwa walimu wakuu. Nauli za kufuatilia: sh 96,000. Toa nakala za kutosha za kila barua iliyogongwa mhuri kabla ya kuiacha popote, kwa sababu kila ofisi hubaki na yake. Zaidi ya hapo hakuna la kueleza.

20 Mei 2024: Dodoso la majaribio limeanguka

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu lilibadilisha mradi mzima.

Nilikuwa na dodoso la kurasa 6, nimelitafsiri kutoka kwenye vipimo vya Kiingereza vinavyotumika sana katika tafiti za utambulisho wa walimu. Nilidurufu nakala 30 kwa sh 100 kila ukurasa, jumla sh 18,000, nikazigawa kwa wanachuo wa mwaka wa pili waliokwisha kurudi kutoka mazoezini. Swali la kwanza lilisema: "Eleza utambulisho wako wa kitaaluma."

Nakala zote 30 zilirudi, na 23 kati yake zilijibu swali hilo kwa majina, namba za usajili, mwaka wa masomo na mchepuo. Mmoja alibandika kwa pini nakala ya barua yake ya chuo. Nilisoma nakala kumi hivi kabla sijaelewa. Wanachuo walikuwa sahihi kabisa. Kwa mtu anayeishi kwenye mfumo wetu wa ofisi, utambulisho ni barua ya utambulisho: karatasi yenye mhuri unayompelekea mwalimu mkuu ili akujue. Neno ambalo vitabuni tumeliteua kwa ajili ya dhana ya mtu kujiona yeye ni nani, mtaani lina kazi nyingine na linaifanya vizuri.

Sehemu ya pili ilikuwa ya kuweka vema kati ya "nakubali kabisa" na "sikubali kabisa". Kwenye sentensi "Najivunia kuwa mwalimu" wote 30 walikubali kabisa. Nani angekataa kwenye karatasi aliyopewa na mkufunzi wake? Safu nzima ya namba ilisimama mahali pamoja, na safu ya namna hiyo haisemi kitu.

Nimelitupa dodoso lote, hata yale maswali niliyoyapenda.

8 Juni 2024: Swali jipya

Nilikaa na wanachuo 6 wa kundi lile la majaribio chini ya mparachichi nyuma ya bweni, tukazungumza bila karatasi. Niliwauliza tu wanisimulie mazoezi yao. Mmoja akasema kwamba siku ya kwanza watoto walipoita "mwalimu!" aligeuka kutazama nyuma, akidhani kuna mtu mwingine anaitwa. Wengine wakacheka, kisha kila mmoja akawa na yake. Kuna aliyeitika siku ya tatu, na kuna aliyesema hadi anaondoka alikuwa akiitwa anasitasita.

Hapo ndipo nilipopata swali. Sitauliza tena "wewe ni nani kama mwalimu". Nitauliza: "Nisimulie siku uliyoitwa mwalimu ukaitika bila kufikiri. Nani alikuita? Mlikuwa wapi? Ukafanya nini?"

Kuitika ni tendo. Mtu analikumbuka, lina mahali na saa, na halihitaji istilahi. Pia linatuonyesha jambo ambalo dodoso langu lililificha: ualimu una upande wa mwitaji. Mtu hawezi kuitika kama hakuna aliyemwita.

Msimamizi wangu aliuliza nafasi ya nadharia iko wapi. Nilimjibu kwa kurudi kwa Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1975 kwamba anayeingia ualimu si mgeni wa kazi hiyo: amekwisha kukaa darasani saa zipatazo 13,000 akiwatazama walimu wake. Wanachuo wetu wa stashahada wamekaa miaka saba ya msingi na minne au sita ya sekondari wakitazama. Wanajua mwalimu anavyoingia, anavyoshika chaki, anavyonyamazisha darasa. Hawajui kinachomfanya mtu yule aitike. Swali langu linaanzia pale kutazama kunapokwisha.

2 Agosti 2024: Madaftari hayasemi

Mazoezi yalianza 15 Julai. Nilimpa kila mshiriki daftari kubwa (14 × sh 1,500 = sh 21,000) aandike kila jioni. Milimani huku Julai ni baridi na ukungu. Watoto wanakuja shuleni wamevaa masweta, na bodaboda ya kupanda vijiji vya juu ni sh 20,000 kwenda na kurudi. Nilizunguka shule zote 5, nikayakusanya madaftari ya wiki tatu za kwanza.

Yameandikwa vizuri mno. "Leo nimefundisha mada ya sehemu. Malengo yamefikiwa. Wanafunzi wameshiriki kikamilifu. Changamoto: uhaba wa zana. Utatuzi: nimefaragua zana kutokana na mazingira." Ni lugha ile ile ya tathmini iliyopo mwishoni mwa andalio la somo. Kurasa zaidi ya 150, na mtu hayumo.

Sababu ilikuwa mimi. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wakufunzi watakaokuja kuwapima. Niliwaambia mara nyingi kwamba daftari halitolewi alama, lakini maneno yangu hayakuweza kushinda orodha iliyobandikwa ubaoni. Mshiriki wa 11 alinieleza waziwazi, kwa heshima: "Mwalimu, wewe ukisoma daftari unasoma kama mkufunzi. Hata ukitaka kusoma vingine, mimi naandika kama unanipima."

Nilifanya mabadiliko mawili. La kwanza, nilimwomba mkuu wa chuo aniondoe kwenye upimaji wa wote 14, akanibadilishia na wakufunzi wengine, na orodha mpya ikapelekwa shuleni yenye mhuri ili washiriki waione kwa macho yao. Jambo hili lilipaswa kufanyika mwezi Machi pamoja na vibali. La pili, madaftari yamesimamishwa, na kuanzia 5 Agosti wanatuma sauti za WhatsApp, za dakika mbili hadi tano, wakati wowote, kwa Kiswahili, Kisambaa au vyote viwili. Bando ni sh 2,000 kwa mtu kwa wiki, wiki 5: jumla sh 140,000.

16 Agosti 2024: Sauti zinafika

Tofauti ilionekana tangu usiku wa kwanza. Mtu anayerekodi akitembea kurudi nyumbani hazungumzi lugha ya andalio la somo. Unasikia mbuzi, unasikia pumzi za kupanda mlima.

Mshiriki wa 4, mwenye miaka 22, alikwenda dukani jioni kununua sigara moja. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja wa pale kijijini, ambaye kwa umri alistahili kumwita "mjukuu wangu", akamwambia: "Mwalimu, pita wewe kwanza." Akaitika, akapita. Alipofika dirishani akanunua sabuni. Anasema hakupanga, sigara ilikataa kutoka mdomoni. Nimeisikiliza sauti ile mara nyingi. Hakuna kipimo cha kuweka vema ambacho kingeipata ile sabuni.

Mshiriki wa 7 anatoka kanda ya ziwa na hajui Kisambaa. Amepangwa darasa la kwanza, na huku juu watoto wengi huanza shule wakizungumza Kisambaa zaidi kuliko Kiswahili. Wiki za kwanza mtoto mmoja wa kike ndiye aliyekuwa akimtafsiria wenzake wanasema nini. "Nilikuwa mgeni wa mtoto yule," alisema. Mshiriki wa 2 ni Msambaa, naye tatizo lake lilikuwa kinyume: alikificha Kisambaa chake kwa wiki mbili kwa sababu lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili na aliogopa kuonekana hajui kazi. Siku darasa lilipokwama akaeleza kwa Kisambaa, watoto wakaelewa, na akapeleleza dirishani kama kuna aliyesikia. Alikuwa amefundisha kweli, na alijisikia mkosaji. Kwa madaftari hili lisingefika kamwe. Tathmini yake ya siku hiyo, niliyoiomba baadaye, inasema "malengo yamefikiwa".

Tena kuna wasioitwa. Katika shule mojawapo washiriki watatu walijulikana kwa wiki nne kama "hawa wa BTP", kifupi cha Kiingereza cha mazoezi ya kufundisha. Walikaa kwenye benchi la nje kwa sababu viti vya ofisi ya walimu havikutosha. Jina lilibadilika siku ambayo mwalimu wa zamu aliugua na mmoja wao akakabidhiwa kengele na daftari la zamu.

30 Agosti 2024: Fimbo, na kosa katika fomu yangu ya ridhaa

Wiki ya sita ilifika sauti ambayo sikuwa tayari kuipokea. Mshiriki mmoja (namba yake siitaji hapa) alieleza kwamba darasa lilipiga kelele, mwalimu mwenyeji akaingia, akampa fimbo mkononi na kumwambia wanafunzi hawatamjua mpaka wamjue. Akawachapa wanne. "Baada ya hapo wakanyamaza. Na nilijisikia mwalimu. Halafu usiku sikulala."

Kanuni ziko wazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mwanachuo wa mazoezi hayumo humo.

Kosa langu lilikuwa kwenye fomu. Niliahidi "usiri kamili". Nilikuwa nimeinakili sentensi hiyo kutoka kwenye fomu za tafiti nyingine bila kujiuliza ninaifunga mikono yangu dhidi ya nani. Sasa nilikuwa na ahadi kwa mtu mzima upande mmoja, na watoto wanne upande wa pili.

Nilichofanya, kwa mfuatano: nilisimamisha kupokea sauti kwa siku tatu. Nilimpigia msimamizi. Nilimfuata mshiriki mwenyewe, tukakaa saa mbili. Alithibitisha kwamba hakuna mtoto aliyeumia. Kwa idhini yake nilipeleka suala hilo chuoni bila jina la mtu wala la shule, na wakuu wa shule zote 5 wakaandikiwa kukumbushwa kwamba wanachuo hawaruhusiwi kutoa adhabu ya viboko. Kisha nikaandika upya fomu ya ridhaa. Sentensi mpya: "Nitatunza siri yako. Siri hiyo ina mpaka: nikijua mtoto yuko hatarini, nitasema kwa anayehusika, na nitakuambia wewe kwanza."

Wote 14 waliletewa fomu mpya na muda wa kufikiri. Watu 13 wakatia sahihi. Mmoja, ambaye siye yule wa fimbo, aliamua kujitoa na akaomba sauti zake zifutwe. Zilikuwa 14 kati ya 201. Nimezifuta zote kwenye simu, kompyuta na diski ya akiba, nikabaki na 187. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, lakini hata bila sheria, mtu akikuomba umrudishie sauti yake utamjibu nini?

Anayenakili mradi huu achukue ile sentensi ya mpaka kabla ya kitu kingine chochote humu.

27 Septemba 2024: Mahojiano

Mahojiano 13 ya ana kwa ana, wastani wa dakika 45. Kinasa sauti: sh 165,000. Matatu ya kwanza yaliharibika kwa sababu nilikubali kuyafanya katika ofisi ya mwalimu mkuu, naye kwa ukarimu akabaki humo akisahihisha. Nimeyarudia nje. Maswali yenyewe yako mepesi, yote yanazunguka kuitika.

Niliongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye pendekezo: walimu wastaafu wanne wa tarafa ile. Wawili waliingia kazini kwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliofuata Azimio la Musoma la 1974. Walichukuliwa baada ya darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha, kwa masomo ya posta na redio na kwa kukutana na wakufunzi wa wilaya. Watu waliwapa jina kwa kugeuza herufi za Kiingereza za mpango ule: UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Miaka thelathini baadaye jambo lilijirudia kwa upande wa sekondari: shule za kata zilipoongezeka ghafla, wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa darasani baada ya mafunzo ya muda mfupi sana, nao mitaani wakaitwa Voda Fasta, jina lililotokana na huduma ya kuongeza salio la simu.

Nilimuuliza mama mmoja mstaafu, aliyefundisha darasa la kwanza miaka 38, kama lile jina la kwanza lilimuumiza. Alinyamaza kidogo. "Jina la UPE walinipa watu wazima," alisema. "Watoto hawakulijua. Watoto waliniita mwalimu, nami nilimwitikia aliyeniita hivyo."

Nilizima kinasa sauti mapema kuliko nilivyopanga siku ile. Sikuwa na swali la kuongeza.

16 Desemba 2024: Unukuzi

Jumla ya sauti ni saa 25. Nilijaribu programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kiswahili kitulivu cha ndani ya chumba iliandika kwa kiasi, lakini upepo, Kisambaa na mtu anayetembea viliishinda, na kusahihisha kulichukua muda kuliko kuandika upya. Saa 1 ya sauti ni saa 6 za kazi kwa mkono. Saa 13 nimenukuu mwenyewe, saa 12 nimelipa wanukuzi wawili sh 20,000 kwa saa, jumla sh 240,000. Mmoja wao lazima ajue Kisambaa. Wote wawili wametia sahihi kiapo cha siri.

Waambie wanukuzi wasisafishe. Mnukuzi wangu wa kwanza alikuwa akirekebisha "nikaitika tu, sijui" kuwa "niliitika". Ile "sijui" ndiyo niliyoifuata milimani.

21 Machi 2025: Usimbaji, mara mbili

Kusimba ni kuipa kila dondoo jina fupi, yaani msimbo, ili zenye maana moja zikae pamoja. Nimefuata hatua za uchambuzi wa dhamira za watafiti Braun na Clarke za mwaka 2006, kwa kutumia programu ya Taguette, ambayo ni ya bure na haihitaji kompyuta kubwa. Kwa kuwa tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, niliweka misimbo ya Kiingereza tangu mwanzo ili kuokoa muda. Nimepoteza mwezi mmoja na nusu.

Msimbo mmoja ulikusanya dondoo 58, chini ya neno la Kiingereza lenye maana ya mamlaka. Ulionekana kuwa dhamira kubwa kuliko zote, na nilikwisha kuanza kuiandikia sura. Nilipozisoma dondoo zile kwa sauti, kwa Kiswahili chake, zikaachana zenyewe. Dondoo 22 zilikuwa za heshima: mzee wa dukani, mzazi anayekuja kuomba ushauri, "shikamoo mwalimu" ya njiani. Dondoo 19 zilikuwa za woga: darasa lililonyamaza baada ya fimbo, mtoto anayejificha nyuma ya mti. Dondoo 17 zilikuwa za dhamana: kengele, daftari la zamu, ufunguo wa kabati la vitabu, mtoto mgonjwa aliyeachwa mikononi mwako hadi mama yake afike.

Haya si mamoja. Washiriki wenyewe wanayatenga. Waliozungumzia woga walisema waliitika siku ile na kesho yake wakasitasita tena. Waliozungumzia dhamana hawakurudi nyuma. Mshiriki aliyepewa kengele hakuwahi tena kugeuka kutazama nani anaitwa. Ni watu 13 tu, sidai zaidi ya hao. Lakini neno moja la Kiingereza lingeweza kunifanya niandike kwamba fimbo na kengele zinamjenga mwalimu kwa namna ile ile, na hilo lingekuwa uongo ambao ningeutia sahihi yangu.

Nimesimba upya kwa Kiswahili kuanzia dondoo ya kwanza. Tafsiri itakuja mwisho, na kila msimbo utabaki na neno lake la asili kando.

14 Juni 2025: Kuwarudishia wenyewe

Kikao kimoja chuoni, washiriki 11 kati ya 13. Nauli na soda: sh 130,000. Nilisoma dhamira tatu na dondoo zake.

Waliyakubali mengi, wakakataa moja. Niliandika kwamba kukaa kwenye benchi la nje kulichelewesha kuitika. Watatu waliokaa pale walisema hapana: benchini ndipo watoto walipowazoea, kwa sababu ofisini mtoto haingii bila kubisha, na benchini walikuja wenyewe kuchongewa penseli. Kilichowaumiza kilikuwa lile jina, "hawa wa BTP", tena lilipotamkwa mbele ya watoto. Nimerekebisha sehemu hiyo yote.

Mshiriki wa 7, yule wa darasa la kwanza, alileta karatasi ya maneno 40 ya Kisambaa aliyoandikiwa na yule mtoto mkalimani. Amehitimu na anasubiri usaili wa ajira. Aliuliza kama nitampigia siku tasnifu itakapokamilika.

Gharama hadi leo: vibali 96,000, dodoso lililotupwa 18,000, madaftari 21,000, bando 140,000, kinasa sauti 165,000, bodaboda, safari 12, 240,000, unukuzi 240,000, kikao 130,000. Jumla sh 1,050,000, zote mfukoni mwangu. Anayeanza na sauti badala ya dodoso na madaftari ataokoa sh 39,000 na wiki tatu za mazoezi ambazo mimi sizipati tena.

Kinachofuata ni sura ya nne. Fomu ya ridhaa iliyorekebishwa na orodha ya maswali ya kuitika nampa mkufunzi yeyote atakayeomba.